Mbona Picha Inang'aa kwa Skrini Alafu Inatoka Giza kwa Karatasi?

Maswali ya wasomaji kuhusu kuprinti picha nyumbani

Mwezi huu karibu barua zote zinauliza kitu kimoja, rangi za kwa kompyuta kukataa kulingana na zile zinatoka kwa printa ya nyumbani, na naelewa vile inauma manake wino ni pesa na karatasi ya glosi, ile ya kung'aa, ni pesa na kila ukijaribu tena unamaliza zingine. Kwa hivyo nimezijibu pamoja. Niseme mapema vile mimi naona baada ya kushughulika na hizi mashine kwa muda: mara nyingi printa iko sawa kabisa, shida iko kwa skrini, na mtu akianzia upande wa printa atazunguka hadi tangi zikauke.

SWALI: Fundi hujambo. Niko Umoja, nilinunua printa ya Epson L805 nikaanza kuprintia watu picha za harusi na za graduesheni hapa nyumbani. Kwa laptopu picha ni safi, nikiprinti sura zinatoka nyeusi hadi macho hayaonekani vizuri, hasa wazee ambao ngozi yao imekolea. Nikaongeza mwangaza kwa setingi za printa, sura zikaonekana lakini gauni la bibi harusi likawa jeupe tu kama karatasi, lesi yote ikapotea. Mteja mmoja amekataa kulipa. Nifanyeje? (Mama wa Umoja)

JIBU: Pole sana mama, na hongera kwa kuanzisha kazi yako. Kwanza ingia kwa hizo setingi za printa urudishe kila kitu kwa sufuri, mwangaza, kontrasti, zote. Usiziguse tena hadi tumalize.

Sasa tuangalie laptopu. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi haina mwanga, inategemea ule wa chumba uigonge urudi kwa macho yako. Watengenezaji wanajua skrini inauzwa dukani chini ya mataa makali, kwa hivyo inatoka kiwandani ikiwa imewashwa sana, nyingi zinaenda kandela (kipimo cha mwanga wa skrini) 250 hadi 300 kwa mita mraba, na kuna zenye zinapita hapo. Kwa kazi ya kuprinti picha watu wanafanya kati ya 80 na 120. Hata sRGB yenyewe, huo mfumo wa rangi ambao HP na Microsoft walitoa 1996 na ndio karibu kila kamera na simu na kompyuta inatumia, uliandikwa ukichukulia skrini ya kandela 80. Kwa hivyo wewe umekuwa ukiangalia picha za harusi kwa mwanga mara tatu ya ule unafaa, na kwa mwanga huo hata picha ya giza inakaa poa, unaridhika unabonyeza print, alafu karatasi inakuonyesha picha vile iko kweli.

Huhitaji mashine kuanza kurekebisha. Chukua karatasi moja ya picha, ileile unatumia, ikiwa haijaprintiwa kitu. Kaa pale unafanyia kazi, na taa ileile ya kila siku, jua lisipige skrini. Fungua ukurasa mtupu mweupe ujaze skrini yote, alafu shikilia karatasi kando ya skrini uangalie weupe mbili. Kama skrini inakaa kama dirisha la saa sita mchana na karatasi inakaa kijivu, punguza mwangaza wa skrini, angalia tena, punguza, hadi hizo weupe mbili zikaribiane. Zitatofautiana kidogo rangi, moja inaweza kuwa ya baridi zaidi, hio achana nayo kwa sasa, tunatafuta kiasi cha mwanga. Mwanzoni utaona skrini imekuwa giza sana utatamani kurudisha, usirudishe, kaa dakika chache macho yatazoea. Na kama umeshusha hadi chini na bado skrini inashinda karatasi mbali sana basi chumba chako ndio kina giza, ongeza balbu. Ukipata pale pazuri andika hio namba ya mwangaza mahali, asilimia 40, 35, chochote, ndio mtoto akicheza na laptopu ujue pa kurudi.

Kabla ya hayo yote zima vitu vinavyobadilisha skrini bila kukuuliza. Kwa Windows kuna Night Light, ile inafanya skrini iwe na rangi ya chungwa jioni, zima. Kuna ile ya kupunguza mwangaza betri ikienda chini, na ile ya kubadilisha mwangaza kulingana na chumba, zima zote. Kama una monita ya mezani angalia kama imewekwa kwa "Vivid" ama "Game" ama "Dynamic", itoe huko uweke sRGB kama iko, ama Standard. Na laptopu nyingi za bei ya chini rangi zinabadilika ukiinamisha kifuniko kidogo tu, jaribu uone, angalia sura ya mtu kwa picha huku unasongesha skrini mbele na nyuma, utaona inafifia alafu inaingia giza. Chagua pembe moja ambapo macho yako yako sawa na katikati ya skrini na ukae hapohapo kila ukirekebisha picha.

Sasa fungua tena ile picha ya harusi. Itakuwa giza, karibu kama vile ilitoka kwa printa, na hapo ndio unafaa kuanza kazi. Usiongeze mwangaza wa picha nzima, hio ndio ilikula lesi ya gauni. Inua vivuli peke yake kwa programu yako ya kurekebisha picha, kwa Lightroom ni slaida ya Shadows, kwa Photoshop ama GIMP ni curve, unainua sehemu ya chini ya ule mstari kidogo na kushikilia sehemu ya juu isisonge. Sura zinafunguka, gauni linabaki na lesi yake.

Kuna kitu kingine hapa ambacho kinatugusa sisi zaidi. Monita ya kawaida inaweza kuonyesha tofauti ya 1000 kwa 1 kati ya nyeupe yake na nyeusi yake, na karatasi nzuri ya glosi yenye wino mzuri inafika kama 200 kwa 1, za mati, zile zisizong'aa, hazifiki hapo. Sasa hio tofauti yote lazima ibanwe iingie kwa karatasi, na sehemu ambayo inabanwa vibaya ni ile ya chini, pale suti nyeusi na nywele na ngozi iliyokolea zote zinakaa karibu karibu. Mtu mwenye ngozi nyepesi hata picha ikitoka giza kidogo bado utaona pua na mashavu, lakini babu ambaye ngozi yake ni nyeusi tititi akivaa suti nyeusi, kosa dogo tu la mwangaza linammeza. Hili jambo liko tangu enzi za filamu, Kodak ilikuwa inapelekea mastudio kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, watu wakaziita kadi za Shirley, na mashine zilikuwa zinarekebishwa hadi yule mwanamke aonekane vizuri, sisi wengine tutoke vile tutatoka. Ilichukua hadi miaka ya 1990 ndio wakaanza kutoa zenye watu wa ngozi tofauti tofauti.

Kwa hivyo tengeneza kadi yako mwenyewe, na nasisitiza hili kwa kila mtu anayeprintia watu wetu pesa. Chukua picha moja iliyopigwa vizuri kivulini, iwe na watu watatu wanne wa ngozi tofauti, iwe na nguo nyeupe na nguo nyeusi na majani mabichi kidogo. Zile picha za majaribio zimejaa kwa intaneti zina matunda na mwanamke mzungu mmoja, hazitakuambia babu wa Umoja atatoka aje. Hio picha yako usiibadilishe tena, ndio utakuwa ukiprinti kila ukifungua pakiti mpya ya karatasi ama ukijaza wino. Na usiprinti saizi kubwa kujaribu, kata kipande cha sura moja na kipande cha gauni, viweke mara nne kwa karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15, kila mara vivuli vimeinuliwa zaidi ya kingine, andika chini yake ulifanya nini. Karatasi moja ndogo itakuambia yote.

Yule mteja mprintie tena mama, najua ni hasara, lakini mpe yenye lesi inaonekana.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi niko Kahawa Wendani, napiga picha. Picha zangu zikitoka kwa printa kila mtu ana wekundu kama amechomwa na jua, hata kuta nyeupe zimeegemea pinki. Nilidaunilodi profaili ya karatasi kama vile mlishauri, nikaichagua kwa Photoshop, na ndio ikazidi! Bora hata bila profaili. Hii kitu inafanya kazi kweli ama ni stori? (Mpigapicha wa Wendani)

JIBU: Inafanya kazi ndugu yangu, na hio "ikazidi" yako imeniambia shida yote. Rangi zako zinarekebishwa mara mbili. Photoshop inarekebisha ikitumia profaili uliyoweka, alafu drayva, ile programu inayoendesha printa, nayo haijui kazi imeshafanywa, inarekebisha tena juu yake. Ni kama watu wawili wametia chumvi sufuria moja bila kuambiana. Na dalili inayojulikana zaidi ya hili kosa ni huo wekundu wa magenta, ule wa pinki, umeuona kwa kuta.

Profaili ni faili ndogo tu inayoeleza tabia ya kifaa, ati wino huu kwa karatasi hii ukiuambia toa kijivu unatoa kijivu chenye kuegemea wapi na kwa kiasi gani, ndio programu ijue kufidia. Mpango wake ulianza 1993, kampuni kama Adobe, Apple, Kodak na Microsoft zikakubaliana ziwe na lugha moja ya rangi, ndio ukaona profaili zinaitwa za ICC. Lakini lazima mmoja tu ndio aishike kazi. Ama Photoshop, ama drayva.

Ukitaka iwe Photoshop, na mimi ndio naipendelea, kwa dirisha la kuprinti chagua "Photoshop Manages Colors", chini yake chagua ile profaili ya karatasi yako. Alafu usibonyeze Print kwanza! Watu wengi wanaachia hapo. Bonyeza Print Settings ufungue drayva yenyewe, kwa Epson ingia More Options, pale kwa Color Correction chagua Custom, bonyeza Advanced, alafu "No Color Adjustment". Hapo umeiambia printa imwage wino vile imeambiwa tu. Na ukiwa hapohapo hakikisha aina ya karatasi ni ile yenyewe, usiache Plain Paper kama umeweka glosi, manake hio ndio inaamua kiasi cha wino, na profaili ilitengenezwa ikiwa aina fulani imechaguliwa, mara nyingi wanaandika kwa maelezo inayokuja nayo, isome.

Kama huna profaili ya karatasi yako basi fanya kinyume, kwa Photoshop chagua "Printer Manages Colors", na kwa drayva acha rangi ziwe on, chagua aina ya karatasi inayokaribiana na yako. Kwa mtu anatumia wino wa kampuni na karatasi ya kampuni hio njia inatoa picha nzuri tu, usione aibu kuitumia.

Kuna pale umeulizwa uchague Perceptual ama Relative Colorimetric, hizo ni njia mbili za kubana rangi ziingie kwa karatasi. Sura za watu anza na Relative Colorimetric na uweke tiki kwa Black Point Compensation. Picha yenye rangi kali nyingi jaribu zote mbili uone.

Jambo la mwisho, angalia faili zako ni sRGB ama Adobe RGB, huo mfumo mwingine wa rangi ulio mpana zaidi. Kamera yako ikiwa imewekwa Adobe RGB na unazifungua kwa programu ndogo isiyosoma profaili, kila kitu kinaonekana kimepauka, unaongeza rangi kwa nguvu, alafu ukienda Photoshop watu wanakuwa wekundu kweli. Kama huna sababu kubwa weka kamera iwe sRGB.

SWALI: Nina duka la vitenge mjini, nataka katalogi ndogo ya kuonyesha wateja. Kuna kitenge bluu kali ile ya kung'aa, kwa monita inatoka vilevile lakini nikiprinti inakuwa zambarau. Nimebadilisha wino, nimebadilisha karatasi, bado. Wateja wangu wanajua rangi, hawawezi kudanganywa. (Dada wa Vitenge)

JIBU: Dada, hio bluu printa yako haiwezi, na sio yako peke yake. Skrini ina taa zake za nyekundu, kijani na bluu, kwa hivyo ikitaka bluu inawasha bluu moja kwa moja, safi, kali. Printa nyingi za nyumbani hazina wino wa bluu. L805 kwa mfano ina nyeusi, sayani (bluu inayoegemea kijani), magenta, manjano, alafu sayani hafifu na magenta hafifu, na ukitaka bluu inachanganya sayani na magenta. Mchanganyiko huo hauwezi kufika mahali bluu ya skrini iko, kwa hivyo programu inatafuta rangi ya karibu, na ile ya karibu mara nyingi inaangukia upande wa zambarau. Kitenge chenyewe kilipakwa rangi ya kitambaa ambayo ni kitu kingine kabisa, ndio maana kikiwa mkononi kina ile bluu na karatasi haina.

Kijani cha kung'aa kama cha rifleketa na chungwa kali zina tabia hio hio. Na mnaopiga jakaranda mwezi wa 10 zikiwa zimechanua pale mjini mnaijua hii shida kutoka upande wa pili, maua ni zambarau na kamera yenyewe inayafanya bluu hata kabla hujafika kwa printa. Upande mzuri ni kwamba kuna sayani na manjano fulani printa inazitoa ambazo skrini ya kawaida ya sRGB haiwezi kuonyesha, kwa hivyo sio kila mara printa ndio iko nyuma.

Cha kufanya ni kuona mapema. Kwa Photoshop ingia View, Proof Setup, Custom, chagua profaili ya karatasi yako, na skrini itakuonyesha picha vile itatoka kwa karatasi. Lightroom wanaita Soft Proofing, iko hapo chini ya picha kwa Develop. GIMP pia inayo. Ile bluu itageuka mbele ya macho yako, na sasa unaweza kuifanyia kazi: shika bluu peke yake kwa Hue na Saturation, isukume kidogo kuelekea sayani na uipunguze ukali kidogo. Utapata bluu ambayo imetulia zaidi kuliko kitenge lakini ni bluu, mteja akiiona haiiti zambarau. Ukiweka tiki kwa ile ya kuonyesha rangi ya karatasi skrini itapauka ghafla, usishtuke, angalia pembeni sekunde chache alafu urudi.

Lakini mimi kwa katalogi ya vitenge nisingetegemea printa peke yake. Kata vipande vidogo vya kitambaa chenyewe, vidole viwili hivi, uvibandike kando ya kila picha. Picha inaonyesha mtindo na michoro, kipande kinaonyesha rangi. Wateja wako wanapenda kushika hata hivyo.

SWALI: Kijana wangu, mimi ni mstaafu niko Buruburu, naprinti picha za wajukuu. Mwanzo zilikuwa zinatoka vizuri sana. Nikajaza wino mwingine wa bei nafuu nilioshauriwa dukani, tangu hapo kila kitu ni kijani kijani. Je, printa imeharibika? (Mzee wa Buruburu)

JIBU: Mzee wangu, kabla ya kulaumu wino tuhakikishe matundu hayajaziba. Kwa setingi za printa kuna Nozzle Check, inaprinti mistari midogo ya kila rangi. Angalia sana ile ya magenta, kama mistari imekatika katika basi magenta haitoki vizuri, na picha ikikosa magenta lazima iende kijani. Fanya Head Cleaning mara moja, angalia tena, ikibaki vilevile pumzisha mashine masaa kadhaa kabla ya kurudia, usisafishe mara tano mfululizo manake inamwaga wino mwingi bure.

Kama mistari yote imekamilika basi ni wino wenyewe. Drayva inayo ndani yake hesabu ya wino wa kampuni, inajua magenta ile ina nguvu kiasi gani, na ukiweka nyingine yenye nguvu tofauti hesabu yote inaenda upande. Wino mbadala sio lazima uwe mbaya, kuna watu wanautumia vizuri, lakini wanakuwa wametengenezewa profaili yake na wanabaki na aina hio hio moja kila wakati. Kubadilisha badilisha ndio kunamaliza mtu. Kwa sababu wewe unaprinti za wajukuu na unataka zikae, mimi ningekushauri urudi kwa wino wa kampuni, na ujue mabadiliko hayataonekana siku hio hio, ule wa zamani bado uko kwa tangi na kwa mirija.

Na picha ikitoka usiihukumu ikiwa bado mbichi. Iache ikauke, ukiweza hadi kesho yake, ndio uiweke kwa fremu ama albamu.

SWALI: Nimefanya kila kitu, mchana picha inalingana na monita kabisa, usiku ikiwa chini ya taa ya sebule inakuwa na umanjano ama wakati mwingine kijani. Karatasi inabadilika aje rangi? (Kaka wa South B)

JIBU: Karatasi haijabadilika, taa ndio imebadilika. Karatasi inarudisha ule mwanga imepewa, balbu ya njano ikiipiga itarudisha njano, na balbu zingine za LED za bei ya chini zinakosa kiasi cha nyekundu, kwa hivyo ngozi ya mtu inakaa mgonjwa. Wino pia una hii tabia ya rangi mbili kufanana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine, kijivu ndio kinaonyesha zaidi.

Kwa watu wa uchapishaji kuna kiwango kinaitwa ISO 3664, wanaangalia picha chini ya mwanga wa D50, yaani kama kelvini 5000, na kiasi cha mwanga laksi 2000 wakikagua kwa makini na 500 kwa kuangalia kawaida. Nyumbani tafuta balbu moja iliyoandikwa 5000K na CRI (kipimo cha vile taa inaonyesha rangi kwa ukweli) 90 kwenda juu, uiweke kwa taa ya meza, hio iwe ya kuangalia picha tu. Ukiikosa simama kando ya dirisha, mbali na jua la moja kwa moja. Kumbuka tu mwezi wa 7 hapa Nairobi mawingu yanatanda siku nzima na mwanga wake una ubluu, picha itaonekana ya baridi kuliko vile iko.

Alafu uliza picha inaenda kutundikwa wapi. Kama mteja ataiweka kwa ukuta wa sebule yenye balbu za njano na haipati mwanga mwingi, iprinti ikiwa imefunguka kidogo zaidi kuliko ile ya albamu.

SWALI: Kuna haja ya kununua kile kifaa cha kupimia skrini ama naweza kuendelea na macho tu? (Studio ya Kayole)

JIBU: Kama unaprintia familia, macho yanatosha. Kwa Windows andika dccw kwa sehemu ya kutafuta, itafungua kitu cha kukuongoza kurekebisha gama (vile rangi za katikati zinakaa giza ama nyepesi), mwangaza na kijivu hatua kwa hatua, kwa Mac iko ndani ya setingi za Displays. Fanya hio pamoja na ile ya karatasi nyeupe nimeeleza kwa mama wa Umoja na utakuwa umefika mbali.

Kama unalipwa, nunua. Macho yanazoea chochote, ukikaa na skrini yenye ubluu wiki moja unaiona nyeupe, na kifaa hakizoei. Kinakaa juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kinapima, alafu kinaandika profaili ya skrini yako. Spyder za Datacolor na za Calibrite, zile zamani zilikuwa zinaitwa X-Rite, ndio zinapatikana zaidi. Ukiulizwa malengo weka weupe wa D65, gama 2.2, mwangaza 100, na kama baadaye picha bado zinatoka giza kidogo kuliko skrini shusha hadi 90 ama 80, usiguse kingine. Ukinunua ya mtumba isiyo na programu yake kuna DisplayCAL, ni ya bure na inakubali vifaa vingi hata vya zamani. Skrini hubadilika ikizeeka kwa hivyo pima tena kila mwezi, na uiwashe nusu saa kabla ya kupima ipate joto.

Ile ambayo hamjui ni kwamba hiki kifaa mara nyingi hakifungwi kwa kompyuta moja, na kinafanya kazi dakika chache tu kwa mwezi. Hapo Kayole mastudio mko wengi mtaa mmoja, changeni watu wanne mnunue kimoja kizuri, kizunguke kwa kila duka Jumatatu ya kwanza ya mwezi.